Mtulivu Amenipokonya Ghala

Jumatatu, 3 Machi
Leo imeletwa ghalani mashine ya kubeba mizigo. Haina usukani, haina kiti, haina dereva! Inafuata utepe mweusi uliobandikwa sakafuni, inapeleka katoni za vigae kwa wapakiaji, inarudi. Miaka kumi na miwili naendesha foklifti humu. Hakuna aliyewahi kunipigia makofi. Hii wameipigia.

Aliyeifunga ni shemeji, kaka wa mke wangu. Mafundi wote hawa, wakamwona yeye! Jioni mke wangu amemsifu mpaka basi. Ati kaka yake ana kichwa. Nikamuuliza mimi nina nini. Akasema nile, chakula kinapoa.

Jumanne, 4 Machi
Mama Gundi, anayefunga katoni, ameipa mashine jina: Mtulivu. Anaifuta vumbi kwa kitambaa chake mwenyewe! Anasema Mtulivu hapigi honi, hanuni, hasengenyi. Alipofika kwenye kusengenya alinitazama mimi.

Meneja amesema Ijumaa atatangaza nani anabaki na kazi gani.

Jumatano, 5 Machi
Nimeshindana na Mtulivu saa nzima. Nimemshinda! Ila nimevunja katoni nne. Meneja hakuuliza nani alishinda, aliuliza vigae. Nikafagia vipande huku Mtulivu amesimama, ananingoja nimpishe. Kilichoniudhi zaidi ni ule uvumilivu wake.

Alhamisi, 6 Machi
Mchana, wenzangu wakila, nilibandua utepe na kuuelekeza upande wa vyoo. Apotee mbele ya meneja, kwisha habari yake!

Kosa dogo. Nilipomaliza kuubandika nikabanwa. Nikaingia chooni. Mlango wake unafungukia nje. Mara nasikia zzzz, anakuja. Akasimama. Nikasukuma mlango. Wapi! Nusu tani ya vigae. Na ana jicho, akiona kitu mbele yake hasogei. Kila nikisukuma, anauona mlango, anangoja. Dakika arobaini! Nikapiga hodi kutoka ndani, jambo ambalo sijawahi kulifanya.

Akaja shemeji. Akainama kwenye upenyo chini ya mlango, akanong'ona, "Shemeji, mikono yako ina gundi ya utepe?"

Nikasema ni sabuni.

"Sabuni nyeusi?"

Akaniambia ninawe upesi, meneja anakuja. Kisha nikamsikia akimweleza meneja kwamba utepe umebanduka, kwamba mashine inahitaji mtu anayeijua sakafu hii aikague kila asubuhi, na mtu mwenyewe ni mimi. Nilitaka kulia. Halafu nikakumbuka mke wangu akijua atamsifu tena. Machozi yakakauka.

Ijumaa, 7 Machi
Msimamizi wa Mtulivu ni mimi! Foklifti pia nabaki nayo, kwa rafu za juu. Mke wangu amenikumbatia mbele ya jirani. Na kaka yake kamtaja mara moja tu.

Nimebandika utepe upya kwa mkono wangu. Mtulivu ameufuata bila ubishi, kona kwa kona. Nyumbani kwangu hakuna anayenifuata hivyo. Nimemfuta vumbi. Mama Gundi alipokuja na kitambaa chake nimemwambia asante, ameshafutwa.

Jumatatu, 10 Machi
Imekuja mashine ya pili! Haihitaji utepe, inajionea njia yenyewe. Ina taa za bluu. Na amekabidhiwa nani? Mama Gundi! Wote wameizunguka, meneja anaipiga picha. Mtulivu wangu kasimama pembeni na vigae vyake, hakuna hata anayemtupia jicho. Nimeumia kwa niaba yake.

Nimemwendea shemeji kwa upole, kama mtu anayetaka kujifunza tu, nikamuuliza hiyo mpya inaonea wapi. Akanionyesha kioo kidogo kwa mbele. Akanisihi kisiguswe na grisi hata chembe.

Nimeandika hapa nisisahau. Grisi ninayo.