Mlio wa Kisanduku Kanisani Juru

Jumanne, 2 Julai 2013

Mama Annonciata, kiongozi wa kwaya ya Juru, ametangaza: atakayewasha spika Jumapili bila kelele ndiye fundi wa kanisa. Tuko wawili. Kabanda ana jenereta. Mimi, Baba Gradi, nina betri mbili za sola na kisanduku nilichounda mwenyewe. Betri zinatoa volti ishirini na nne. Spika inataka kumi na mbili. Kisanduku kinazipunguza kwa swichi ndani yake: volti zikipungua, swichi inajiwasha. Zikizidi, inajizima. Haraka kuliko jicho! Kwenye spika unasikika mlio mdogo tu. Kabanda anasema kisanduku kinalia kama mbu ndani ya neti. Wivu.

Jumatano, 3 Julai

Mbarara. Medius, fundi wa redio mtaa wa Kakoba, ameeleza: mlio ni ile swichi. Nikipunguza nafasi kati ya kuwaka na kuzima, itakwenda kasi zaidi, mlio utapanda hadi sikio lisiusikie. Nikainuka. Akanishika shati: “Ssebo, sijamaliza. Nafasi ikibaki kidogo sana, transista, hiyo swichi yenyewe, inapata moto, inakufa.” Nimemshukuru kwa nusu ya kwanza.

Ijumaa, 5 Julai

Mazoezi. Kwaya haina kinanda. Imeanza kuchukua sauti ya kuanzia wimbo kwenye mlio wa kisanduku changu! Annonciata amefurahi mno. “Baba Gradi, usiguse kitu. Hii mulio inatusaidia mingi.” Hawezi kumaanisha hivyo. Kabanda amemtuma. Nimeweka skrubu ya kupunguza nafasi. Nitaikaza wakati wa wimbo, polepole. Hakuna atakayejua.

Jumapili, 7 Julai

Wamejua. Nilikaza, mlio ukapanda, kwaya ikapanda nao. Nikakaza tena. Wababa wa besi wakafika kwa akina mama. Akina mama hawakuwa na pa kwenda. Eugénie, mke wangu, katikati yao, alinitazama mdomo wazi, sauti haitoki. Halafu harufu ya plastiki inayoungua. Spika ikazimika. Nje, jenereta ya Kabanda ilikuwa tayari inanguruma. Wakashangilia kelele hiyo! Annonciata amempa Kabanda ufunguo wa stoo: ndiye fundi. Mimi ameniuliza: “Ulishinda tangu juzi. Nani alikutuma kugusa?”

Jumatatu, 8 Julai

Nimefikiri bila hasira. Kosa lilikuwa kukaza polepole. Skrubu ikikazwa mara moja, kwaya haiwezi kufuata. Jumamosi msichana mmoja, Eliane, anaolewa huko Ngarama. Kazi ya spika nimepewa mimi; mama yake hakuwepo kanisani, hajui yaliyotokea. Kesho Kakoba, kununua transista. Nafasi: sifuri.