Roboti wa Mapafu Chini ya Kitambaa cha Bluu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa mradi, ambaye ni mimi. Waheshimiwa manaibu wangu wote tisa. Wakurugenzi, Wakurugenzi Wasaidizi na wasaidizi wa Wasaidizi. Daktari wa upasuaji, uliyechelewa kwa kisingizio cha wagonjwa. Nanyi wananchi mliosimama: itifaki imezingatiwa! (Makofi.)

Nasimama mbele yenu, nanyi mmesimama mbele yangu kwa kuwa viti vya chumba cha kusubiri vimepangiwa majukumu mengine ya kimkakati, nikiwa na furaha isiyo na kipimo kuzindua mapinduzi ya kidijitali katika sekta ya mapafu. (Vigelegele. Bibi mmoja mstari wa mbele anakohoa.) Pole, bibi. Ndugu zangu, bibi huyu ana uvimbe katika pafu la kulia, na daktari alitaka kuukata miezi mitatu iliyopita kwa mikono mitupu. Nikasema hapana, asubiri roboti! Wenzetu huko duniani, daktari anakaa kwenye mtambo wake, mikono myembamba ya roboti inapenya katikati ya mbavu kwa vitundu vidogo kama vifungo vya shati, inatoa kipande kibovu na kuacha kizima.

(“Mwezi wa nne huu, mwanangu!” anasema bibi.)

Subira yavuta heri! Utafiti nilioufanya mwenyewe unathibitisha kwamba tangu nianzishe mradi huu, roboti wetu hajakosea hata mara moja, hajaomba likizo, wala hajamwaga tone la damu. Ufanisi asilimia mia moja na kumi na nne! (Kicheko. Daktari anatazama saa.) Yule pale, chini ya kitambaa cha bluu! (Watu wanasogea.) Msiguse! Sistimu ni nyeti!

Roboti hoyee! (Hoyee!) Kipande kibovu! (Kitoke!) Mwenyekiti! (Kicheko kirefu.)

Mwisho, namshukuru bibi huyuhuyu, fundi wetu wa cherehani, ambaye tulimpa vipimo tu, naye akashona kitambaa kilichokaa sawasawa juu ya viti vyote arobaini na… (Anakunja hotuba haraka.) Kwa hayo machache, asanteni sana.

(Bibi anavuta kitambaa. Viti vitupu, vimepandana hadi karibu na dari. “Kumbe! Na miguu yangu ilivyoniuma!” Watu wanashika mbavu kwa kucheka. Anashushiwa kimoja, anakaa. Daktari anachuchumaa mbele yake. “Bibi, kesho asubuhi usile kitu, uje. Mikono yangu ni miwili tu, lakini ipo.”)