Binti Yangu Yuko Ng'ambo, Nyuma ya Jikoni

Mwalimu Mwikali Kasyoki,
Nyuma ya soko,
Naro Moru.

Kwa Mkuu wa Udahili,
Chuo mlichokijenga mbali hivyo,
Ng'ambo.

Mheshimiwa,

MINT: KUCHELEWA KUMCHUKUA BINTI YETU AMBAYE TUMESHAMUAGA

Pokea salamu kutoka Naro Moru, ambako sote tu wazima isipokuwa viazi, vilivyopigwa na baridi. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu tovuti yenu inasema mnaheshimu utamaduni wa kila mwombaji. Kama hapo ofisini hakuna anayekisoma, ulizeni jikoni au kwa walinzi wa lango. Mkenya hakosekani.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na mwenyekiti wa akina mama kanisani. Binti yangu Risper aliomba nafasi ya kusomea uhasibu chuoni kwenu. Siku hiyo hiyo mlimjibu kwamba mmelipokea ombi lake kwa furaha, mkamshukuru na kumtakia kila la heri. Sasa miezi imepita, na kila tukiuliza mnasema ombi lingali linatazamwa. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mlisema mmepokea kwa furaha. Mimi ni Mkamba, niliolewa kwa heshima zote, na mambo ya kupokea nayajua. Wazee wa upande wa mume wangu walipoleta mbuzi kwa baba, baba aliwapokea kwa furaha, na kuanzia hapo nikawa mke wa mtu. Hakuwarudisha wazee kwao akiwaambia kwamba mbuzi wangali wanatazamwa. Kwa hivyo niliposoma barua pepe yenu nilipiga vigelegele mbele ya darasa la nne, na jioni hiyo tukaanza kupanga ibada ya kumuaga.

2. Tulimuaga. Labda kwenu mtoto hubeba begi akaondoka tu, lakini huku haendi hivyo. Tulikodi hema na viti. Mchungaji Simeon alihubiri juu ya Ibrahimu kuiacha nchi yake. Akina mama walimfunga leso mpaka akashindwa kuinua mikono, na Bi Hemlata, mwenye duka la nguo kule Nyeri, akaja mwenyewe na koti zito linalofika kwenye vifundo vya miguu. Kisha kanisa zima likapanda basi kumsindikiza hadi uwanja wa ndege, Nairobi. Nilijua hana tikiti, na yeye alijua, lakini nilitumaini mngejibu tukiwa njiani. Nilianza kuitazama simu tangu Karatina. Hamkujibu. Tuliimba, tukalia, tukapunga mikono, na Risper akasimama nyuma ya nguzo na koti lake mpaka basi letu likaondoka. Baba yake, ambaye ni polisi, alibaki nyuma akamrudisha nyumbani kwa pikapu ya rafiki, chini ya turubai, katikati ya magunia matupu ya kabeji.

3. Tangu hapo binti yangu yuko ng'ambo, katika chumba cha nyuma ya jikoni. Mchana hatoki. Mgeni akibisha hodi, anaingia stoo na kukaa na mahindi. Jina lake siwezi kulitaja kwa sauti, kwa hivyo chakula kikiwa tayari naanza kuimba pambio, naye akisikia anakuja. Ameanza kupauka, na mume wangu anasema hiyo ni dalili nzuri, ati wote waliotoka huko huwa hivyo. Mimi inaniuma, nawaambia ukweli. Watu wananipa pole kwa kumkosa mtoto aliye nyuma ya ukuta wangu, na ubaya ni kwamba ninamkosa kweli. Siku ya soko tulikuwa tukienda pamoja, tukibishana juu ya nyanya njia nzima. Sasa naenda peke yangu na kurudi na nyanya mbovu.

4. Jogoo. Jirani yetu Watiri, yaani Mama Mutahi, ana kijana anayesoma Kanada, na ndiye aliyenitia moyo katika mambo haya yote. Ni mjane, anaishi peke yake, na kutwa anafua na kuanika suruali za kiume mpaka kamba inalegea. Nadhani ni upweke. Mama huyu humpigia Risper simu kumjulia hali. Mara moja wakiwa katika maongezi, jogoo wetu aliwika, akasikika kwenye simu na kwenye ua kwa pamoja. Mama Mutahi akaniuliza kutoka upande wake wa ua, ati hata huko ng'ambo kuko na jogoo? Risper akawahi kumwambia kwenye simu kwamba chuo chenu ni cha kilimo. Mama Mutahi hakushangaa. Alisema hata Kanada jogoo wanawika sana Mutahi akipiga simu. Naomba basi mumbadilishie Risper kozi, kutoka uhasibu hadi ufugaji wa kuku, ili mtoto asionekane mwongo.

5. Kanisa lilitaka picha ya theluji. Theluji tunayo yetu, kwa hivyo mume wangu alimpandisha mlimani na koti la Bi Hemlata, wakiongozwa na Khisa, mpagazi wa wageni, ambaye tulimwapisha kwa Biblia. Picha ilitoka vizuri. Lakini nyuma ya Risper ulionekana ule mmea wa huko juu, mrefu kuliko mtu, kama kabeji iliyowekwa juu ya nguzo. Akina mama wa kikundi changu walisema kumbe ng'ambo kabeji hukua hivi, na wote wameomba mbegu. Tafadhali tumeni mbegu.

6. Wakataka tena picha ya wanafunzi wenzake. Tukaenda Nanyuki, Risper akiwa chini ya turubai tena, ambako tuliwaomba wanajeshi wawili wa kigeni waliokuwa wakinunua ndizi wasimame na Risper wakishika vitabu. Walikuwa vijana wenye adabu, ila walikuwa na sare. Sasa Mchungaji Simeon ametangaza mfungo, kwa sababu kanisa linaamini mmempeleka mtoto wetu vitani. Nami nimefunga pia, ningefanyaje? Nawasihi mvikomeshe vita hivyo haraka, maana njaa inaniua.

7. Kwa kuwa Risper amevaa koti kama mwanafunzi wenu, amepauka kama mwanafunzi wenu, na anapigana vita vyenu, ni haki kusema kwamba ni mwanafunzi wenu. Mkikosa kitanda huko, basi kitangazeni chumba chetu cha nyuma kuwa tawi la chuo. Kina meza, dirisha na baridi ya kutosha. Mimi nitakuwa mkuu wa tawi, mume wangu atashika lango, nanyi mtatuletea bendera na zile kofia bapa za mahafali. Mkikataa hata hilo, njooni wenyewe msimame mbele ya kanisa letu, mseme kwamba mlipokea kwa furaha lakini hamkumaanisha. Mimi siwezi kuwaambia.

Nisalimieni mkuu wa chuo, wapishi, watunza bustani na wote wanaosoma kwa bidii. Yule aliyeandika neno "furaha" msalimieni kwa mbali. Na Mkenya anayewasomea barua hii, ampigie mama yake simu.

Ni mimi, mzazi wa mwanafunzi wenu mpende msipende,

Mwalimu Mwikali Kasyoki.

Nyongeza: Kabla sijaifikisha barua hii posta, mmejibu. Mmemkubali Risper. Nilikimbilia chumba cha nyuma nikilia kwa furaha, nikakuta dirisha wazi na mtoto hayupo. Nimemkuta jikoni kwa Mama Mutahi, akimenya viazi na kijana mrefu aliyevaa suruali ninayoijua kutoka kwenye kamba. Ni Mutahi. Kanada hajawahi kufika. Jogoo aliyekuwa akiwika kwenye simu zake ni wetu. Wawili hawa wamekuwa wakizungumza kupitia ua tangu Risper aende ng'ambo, na sasa wanataka kuoana. Mimi na Mama Mutahi tuliangaliana kwa hasira, kisha tukacheka mpaka tukashika meza. Kanisa litaambiwa walikutana huko huko ng'ambo. Wanarudi Jumapili, hema tumeshakodi, na basi la kwenda kuwapokea uwanja wa ndege limejaa. Kwa hivyo tafadhali mkataeni binti yangu upesi, na mumkatae kwa furaha ile ile. Mbegu bado tunazingoja. Siku ya soko nataka kwenda naye kuchagua nyanya.