Blanketi Ni Kubwa na Mimi Ni Mmoja

Marafiki, leo sina uso. Aliye na uso wa ziada aniazime hadi Jumatano.

Wengi mnanijua. Mimi ndiye Ombati wa kutengeneza simu pale Ikonge sokoni, kile kibanda cha kijani kilichoandikwa "Hakuna Simu Isiyopona". (Kesho nakipaka rangi upya.) Za wateja zinapona kweli. Vyombo vyangu mwenyewe ndivyo wagonjwa sugu. Miezi miwili sasa nyimbo zangu za mtandaoni zimekataa kupatana. Nikihifadhi wimbo kwenye simu, laptopu ya duka haiuoni. Nikiufuta kwenye laptopu, simu inasema bado upo. Spika ya nyumbani nayo, ile ndogo ya waifai, inaishi maisha yake. Na simu ya Mzee, baba yangu, niliyoiunganisha na akaunti yangu ili asikilize nyimbo za kanisa, ilikuwa na nyimbo tatu tu. Alizisikiliza hizo tatu miezi miwili bila kulalamika. (Mzee wangu ni mzee wa kanisa, Msabato kamili. Nafikiri aliamini mtandao wote una nyimbo tatu.)

Sasa, leo Jumapili tulikuwa na wageni. Watu wa Masimba, ukoo wa kijana anayetaka kumwoa dada yangu Kwamboka, walikuwa wanakuja kwa mara ya kwanza. Wiki iliyopita Mzee aliniita kando ya shamba la majani chai akasema, "Ombati, muziki ni wewe. Nyimbo za Mungu tu. Polepole, wageni wakikaa."

Nilikaribia kulia. Mzee hajanikabidhi kitu tangu ile Sabato niliyounganisha kinanda cha kanisa kikatoa moshi katikati ya maombi. Miaka minne! Hata kushika tochi hanipi. Kwa hivyo hii kazi ya muziki haikuwa kazi ya muziki tu, mnanielewa. Nilitaka Mzee aniamini tena, basi.

Wageni walisema watafika saa sita. Saa mbili asubuhi nilikuwa dukani, kwa sababu mtandao wa pale una nguvu. Spika niliiacha chumbani kwangu ikichaji. Mpango ulikuwa rahisi. Nilinganishe nyimbo kwenye vyombo vyote, nirudi saa tano, nitoe spika nje, nibonyeze. Wageni walie machozi ya furaha.

Nilizima, nikawasha. Nikafuta programu, nikaipakua tena. Nikabadilisha pasiwadi. Nikailaumu kampuni, nikailaumu serikali. Saa nne kasoro akaingia mke wangu Moraa, alikuwa amekuja sokoni kuchukua soda za wageni. Akanitazama jasho linavyonitoka.

"Bado?"

"Hii ni shida ya kiufundi, Moraa. Huwezi kuelewa."

"Una akaunti ngapi?"

"Moja!"

"Na ile ya chuo, uliyofungua na namba ya simu?"

Jamani. Nilikuwa na akaunti mbili. Simu iko kwenye ile ya zamani ya chuo, laptopu na vyombo vingine viko kwenye mpya. Miezi miwili nimekuwa nikilazimisha watu wawili wasiojuana wasalimiane. Moraa alibeba kreti yake ya soda akaenda kusubiri boda. (Hata hakunicheka, na hilo ndilo linaloniuma hadi sasa.)

Nikatoa simu kwenye akaunti ya zamani. Nikahamisha kila kitu kutoka kule kwenda kwenye mpya. Kila kitu! Sikuchagua. Dakika tano baadaye laptopu ikaanza kujaa nyimbo kama debe la maji kwenye mvua. Nyimbo za Mzee zikaja. Zilipendwa zikaja. Ikaja na orodha moja ya zamani inayoitwa "Za Kumbembeleza Moraa", na ndani yake rumba ishirini na kitu, pamoja na wimbo mmoja nilioutunga na kuurekodi mwenyewe chuoni, Moraa akiwa amenikasirikia na kurudi kwao. Nilikuwa nimeusahau. Mungu hakuwa ameusahau.

Nikasema wacha nijaribu. Nikabonyeza rumba ya kwanza. Kimya. Nikaongeza sauti. Kimya. Nikaongeza mpaka mwisho. Kimya kabisa! Nikaanza kugonga laptopu mgongoni.

Simu ikalia. Ni Kwamboka, ananong'ona.

"Kaka, zima."

"Nizime nini?"

"Hiyo kitu iko kwa chumba yako! Inaimba mambo ya kiuno! Wageni wamefika mapema!"

Nikatazama laptopu. Chini kabisa, kwa maandishi madogo ya kijani: Inacheza kwenye Spika ya Chumbani.

Yaye!

Hapa lazima niwaeleze wale wasiotoka huku kwetu. Sisi tuna kitu kinaitwa chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya kati ya mzazi na mtoto. Mtoto wako wa kiume akioa, wewe baba huvuki mlango wa nyumba yake. Hata ikiungua unasimama nje unaelekeza maji. Mama anaingia, lakini chumbani hapana. Na mambo ya mapenzi hayatajwi mzazi na mtoto wakisikilizana, hata kwa mbali. Sasa pigeni hesabu. Spika iko chumbani kwangu. Nyumba yangu iko hatua thelathini kutoka kwenye viti vya wageni. Mzee hawezi kuingia. Mama hawezi kufika chumbani. Kwamboka ndiye anayeposwa, haruhusiwi kuonekana mpaka aitwe. Moraa bado yuko njiani na soda. Hakuna binadamu wa kuizima!

"Mzee anafanya nini?" nikauliza.

"Amesimama nje ya mlango yako. Anaambia nyumba inyamaze."

Nikabonyeza kusimamisha. Kwa haraka nikakosea kitufe. Badala ya kusimamisha, nikarusha wimbo unaofuata. Nao ulikuwa upi? Msiniulize. Kwenye simu nikausikia mwenyewe, kutoka upande wa Kwamboka, kinanda cha kuazima na sauti yangu ya miaka ile:

"Moraa rudi, Moraa rudi, blanketi ni kubwa na mimi ni mmoja..."

"Kaka," Kwamboka akasema, "hiyo ni wewe?"

Stima ikapotea. Soko zima. Betri ya laptopu ilikufa zamani (fundi hana muda wa kujitengenezea), kwa hivyo skrini ikawa nyeusi palepale. Nikashika simu niingie kupitia huko. Ikataka pasiwadi mpya. Pasiwadi mpya nilikuwa nimeiandika wapi? Kwenye laptopu.

Nikaruka kwenye boda bila kufunga duka.

Kilichotokea nikiwa njiani nimesimuliwa na Kwamboka, aliyekuwa akichungulia dirishani. Wimbo uliendelea (niliurekodi mrefu, dakika kumi na mbili). Wageni walikuwa wanaangalia viatu vyao. Mzee bado anaukemea mlango. Ndipo Magokoro, nyanya yetu, mama yake Mzee, akainuka kwenye kiti chake na fimbo yake. Nyanya na wajukuu hawana chinsoni. Wao ni utani mtupu, na chumbani kwangu anaingia atakavyo. Mzee akapumua. Mama akasema asante Yesu.

Magokoro akaingia. Akachomoa waya ukutani.

Spika haikunyamaza. Ina betri. (Betri nzuri sana. Saa kumi na mbili mfululizo. Niliinunua kwa sababu hiyo.)

Sasa angefanya nini? Alifanya kile mtu mwenye akili angefanya. Aliifunga ndani ya leso yake, akaibeba, akatoka nayo nje, akapita mbele ya Mzee, akaenda moja kwa moja akaiweka juu ya meza ya wageni, katikati ya vikombe.

"Nyinyi vijana wa Masimba," akasema, "nani anajua kuzima huyu mjukuu wangu?"

Hapo ndipo mimi nilipoingia na boda. Nikaruka kabla haijasimama. Picha niliyoikuta: wageni kumi na mmoja wenye suti. Mama amejifunika uso na trei. Mzee amegeuka, anatazama migomba kana kwamba ameiona leo kwa mara ya kwanza. Na mimi juu ya meza, naimba ubeti wa tatu. Ubeti wa tatu, jamani, ndio unaotaja miguu yangu baridi.

Nikaifikia spika. Nikabonyeza kitufe. Nikabonyeza kingine. Ikanyamaza. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na ile bodaboda.

Msemaji wa wageni, mzee mmoja mnene mwenye kofia, akakohoa. Akauliza taratibu, "Na huyo Moraa... alirudi?"

Wakati huohuo Moraa akaingia getini na kreti ya soda.

"Ndiye huyo!" Magokoro akapiga kelele. "Alirudi! Blanketi imetosha!"

Wageni walivunjika mbavu. Yule msemaji alivua kofia akajipepea nayo. Alipopata pumzi alisema kwamba sasa ameona vijana wa boma hili wanawapenda wake zao, basi na wao wangependa binti wa hapa apendwe hivyohivyo kwao. Mazungumzo yakaanza na kicheko na yakaisha vizuri. Watarudi mwezi ujao. Kwamboka anasema nimemwokoa. Moraa ananitazama tu halafu anavuta pumzi.

Lakini mimi nilikuwa namngoja Mzee.

Saa kumi jioni nikasikia akikohoa nje ya nyumba yangu. Nikatoka. Alisimama mbali kidogo, ananipa bega, anaangalia ng'ombe wa jirani.

"Hiyo mashine yenu," akasema. "Imepona?"

"Imepona, Tata," nikamjibu baba.

"Sasa nyimbo ziko kila mahali?"

"Kila mahali, Tata."

Akaitikia kwa kichwa. "Mwezi ujao wageni wakirudi," akasema, "muziki ni Magokoro."

Akaondoka. Marafiki, niliumia. Niliumia kweli, sina haja ya kuficha. Miaka minne ya kinanda, na sasa sijui mingapi ya blanketi.

Nimekaa hapa kizingitini nimepata pasiwadi yangu (stima ilirudi sokoni, nikaenda kufunga duka). Nikaingia kwenye simu ili nifute ule wimbo na orodha yake yote, yasinifike tena. Nikafungua. Juu kabisa kuna maandishi madogo ya kijani.

Inacheza kwenye Simu ya Mzee.

Sio wimbo wa kanisa. Ni rumba nyingine kwenye orodha ya "Za Kumbembeleza Moraa", moja ya zile za zamani, za enzi yake. Nikainua kichwa. Taa ya jikoni kwa Mama inawaka. Sauti ni ya chini sana, lakini upepo unatoka huko. Mzee wa kanisa! Halafu nikamsikia Mama akicheka, kicheko ambacho sijawahi kukisikia tangu nizaliwe.

Nimezima simu. Nimeifunika na sufuria. Chinsoni inakwenda pande zote mbili, na mimi sijaona kitu, sijasikia kitu, na ile orodha siifuti.

Ila nauliza tu, wataalamu mliomo humu, bila kunicheka: mtu akitaka nyimbo zake ziache kulingana tena, anaanzia wapi?