Mwenyewe Hayupo Kenda Shamba

Kwa heshima na taadhima, Idara ya Nasaba na Uhakiki wa Mababu inawatangazia wananchi wote wa Unguja kwamba imemgundua mtu aliyemiliki nyumba nyingi kuliko wote katika historia ya Mji Mkongwe. Anaitwa Mwenyewe Hayupo. Nimemgundua mimi, Mkurugenzi, ndani ya madaftari ya sensa ya enzi za mkoloni, na sioni tabu kulisema.

Nyumba baada ya nyumba, penye jina la mkuu wa kaya, karani ameandika Mwenyewe Hayupo. Pengine kwa ukamilifu: Mwenyewe Hayupo Kenda Shamba. Majina manne, na utaratibu unataka matatu tu. Tajiri mkubwa hivyo, na hakuacha hata picha.

Nikaagiza nyumba zote za marehemu zitiwe kufuli mpaka warithi wajitokeze na vielelezo.

Wa kwanza kuja juu alikuwa Bi Mwanapili, mjane anayeuza mikate ya ufuta barazani kwake.

"Mheshimiwa, ile nyumba ya babu yangu Mcha. Nimezaliwa mle. Leo nnalala wapi?"

"Daftari halimjui Mcha."

"Litamjuaje? Karani kapiga hodi, bibi kamjibu mlangoni: mwenyewe hayupo, kenda shamba. Ulitaka amtaje mumewe jina, mbele ya mwanamme si maharimu wake?"

"Bi Mwanapili, Idara hufuata maandishi, si haya ya kina mama."

"Loo! Basi ukimpata huyo Hayupo, nisalimie." Akaenda kulala kwa jirani.

Zoezi liliendelea vyema. Ofisa wangu Haitham, mtumishi mtiifu kupita kiasi, nilimtuma akahakiki na kaya za siku hizi kwa utaratibu ule ule. Alasiri narejea kwangu, nakuta mlango una kufuli la Idara, Haitham kasimama kando yake, na mke wangu Khairat yumo ndani, kashika nondo za dirisha la juu.

"Haitham! Hii nyumba yangu!"

"Naam, Mheshimiwa. Lakini nimepiga hodi, nikajibiwa mwenyewe hayupo."

"Si mimi huyu hapa?"

"Ndiyo tabu yenyewe. Niliyemwandika ni Hayupo. Wewe upo."

"Na mke wangu je?"

"Yeye ni kiambatanisho."

Hoja ilikuwa nzito. Utaratibu huo niliuandika mwenyewe.

Nikamlilia Khairat, na majirani washajaa kichochoroni, Bi Mwanapili akiwa mbele yao. "Mama Tabia, nitaje jina yaishe!"

"Alaa! Tangu unioe sijakutaja, nikutaje leo mbele za watu? Kwanza mfungulie Bi Mwanapili nyumba ya babu yake. Umpe na maandishi."

"Lakini utaratibu..."

"Basi kalale nao huko nje, huo utaratibu."

Niliona uchungu, sifichi. Nikaandika pale pale, karatasi nimeiweka mgongoni kwa Haitham: nyumba ni ya Mcha na kizazi chake, na agizo la kufuli limefutwa. Bi Mwanapili akaipokea, akatazama juu dirishani.

"Ahsante, mwanangu," akasema. Mimi hakunitazama.

Haitham akafungua kufuli, lakini akashikilia kwamba kaya yangu lazima ihakikiwe upya. Akapiga hodi.

"Mwenyewe yupo?"

"Yupo," akajibu mke wangu kwa adabu zote, mtandio kauvuta mpaka puani.

Haitham akaandika: Jina la mkuu wa kaya, Mwenyewe Yupo. Akanipa kalamu nitie saini, nikatia.