Wingu Jembamba la Ziwani

Wananchi wa Ziwani, Pumwani na Gikomba, mnajulishwa rasmi: mawingu membamba yote ni mali ya serikali. Hata yale hamuyaoni. Hasa yale hamuyaoni.

Anayewajulisha ni mimi, Mzungushaji Daraja la Tatu, Idara ya Mawingu Membamba. Shule niliachia form two, lakini idara haikutaka mtu wa kusoma. Ilitaka mtu wa kuzungusha.

Sayansi ni hii. Jua likipiga hewa safi, mwanga wa huko juu unajipanga upande mmoja, kama watu kwa laini ya maji. Ukizungusha lensi ya polaroid, ile ya miwani ya jua, mbingu inaingia giza, inarudi. Lakini kukiwa na wingu jembamba, mwanga unatawanyika kama wachuuzi wa Gikomba askari wa kanjo wakitokea. Zungusha mpaka uchoke, mbingu haibadiliki.

Wingu likipatikana, mali iliyo hapo inashikwa. Mwenye mali akileta maneno, anabebwa pia.

Wiki mbili tumezungusha, wiki mbili mbingu imekataa kubadilika. Jua linayeyusha lami, sisi tunapata wingu. Mkurugenzi wetu, Madam Nangila, alitupongeza sana kwa bidii.

Jumapili tukafika naye kwa Kavinya. Huyu huuza viatu vya mitumba: anaosha kwake Ziwani, anaanika juu ya mabati, anapeleka Gikomba. Siku hiyo alikuwa na pea arobaini za shule, nyeusi, bado zinatiririka maji. Shule zilikuwa zinafunguliwa kesho yake.

"Mama, toa hivyo viatu," Madam akasema. "Kuna wingu."

"Liko wapi?"

"Ni jembamba."

"Jembamba aje na utosi wangu unaiva?"

"Ndio maana wewe si mtaalamu."

"Madam, nisipouza leo jioni nitamuuzia nani? Nikae na gunia ya viatu hadi muhula ujao?"

"Afisa, zungusha."

Nikazungusha. Mbingu ile ile.

Kavinya akanyoosha mkono. "Leta hiyo kioo yenu. Na simu yako, Madam, yangu imezima."

Gikomba hakuna mtu hununua miwani ya jua bila kuipima kwa simu. Unaweka lensi mbele ya skrini, unazungusha. Kama ni polaroid ya ukweli, mahali fulani skrini inakuwa nyeusi tititi. Skrini ya Madam ilikuwa na picha yake akikata utepe. Kavinya akazungusha mara moja, mara mbili, mara tatu. Madam akaendelea kukata utepe, anang'aa vile vile.

"Woi! Hii ni plastiki ya chupa!"

Ploti nzima ikacheka. Madam akasimama wima. "Afisa, andika: wingu jembamba limeonekana ndani ya simu."

Afisa haulizi. Nikaandika. Halafu nikashika simu.

"Wewe kijana, una wazimu?"

"Hayo sasa ni maneno, Madam."

Dereva wetu Matheka, ambaye tulishika nepi za mtoto wake juzi, akafungua nyuma ya pickup mbio sana. Viatu vya Kavinya havingetoshea tena, pickup ilikuwa imejaa Mkurugenzi. Kavinya akavigeuza upande wa pili, vikauke vizuri.

"Natoka lini?" Madam akauliza.

"Anga ikifunguka, Madam."

Nikainua lensi, nikazungusha polepole, kitaalamu.

Bado.