Turudishieni Watu Wetu wa Kihangalala

Kutoka kwa Kasian, Mwalimu wa Kwaya,
Kigango cha Kihangalala, Iringa.

Kwa Mama Ikupa, Mwenyekiti wa Mtaa,
Ilomba, Mbeya.

Mama Mwenyekiti mheshimiwa,

YAH: WATU WETU MLIO NAO

Kamwene. Na kwa kuwa nimeambiwa wewe ni mwenyeji wa Tukuyu, ugonile pia. Kihangalala wote ni wazima, yaani wale waliobaki. Nakuandikia kwa adabu zote kukuomba uwakusanye watu wa kijiji chetu wanaoishi mtaani kwako, uwapandishe kwenye basi pamoja na vyombo vyao, uwarudishe walikozaliwa. Sitafuti ugomvi na jiji. Nataka watu wangu tu.

Malalamiko yangu ni haya.

LA KWANZA ni kwaya. Sauti ya nne yote ya kigango chetu imehamia Ilomba. Alianza Aroni, aliyekwenda kujifunza uashi. Aroni alipopata kazi akamwita Timotheo akamchanganyie udongo, Timotheo akamwita mdogo wake, mdogo wake akamwita shemeji yake, wakatoka mmoja mmoja kama siafu wanaofuata harufu. Pasaka iliyopita sauti ya nne niliimba mimi peke yangu, na kwa kuwa mwalimu wa kwaya huwapa waumini mgongo, sauti yangu yote iliishia ukutani. Baada ya misa Padri aliniita pembeni akaniuliza kama kuna msiba ambao hajataarifiwa.

LA PILI ni maendeleo. Mimi sikuwa na neno juu ya maendeleo mpaka yalipofika. Hao vijana wetu mlio nao walichangishana, wakatuletea mashine ya kusaga. Zamani akina mama walikuwa wanakwenda kusaga ng'ambo ya bonde, wakiondoka asubuhi na kurudi jua limeshageuka, na sisi wazee tulipata nafasi ya kujadili mambo ya kijiji kwa utulivu. Sasa mashine iko jirani na kigango. Mke wangu Veronika anakwenda na kurudi kabla sijamaliza kusalimiana na jirani. Kijiji chetu hakijajadiliwa ipasavyo tangu mashine ije.

Tena mashine inatoa pumba, na pumba ndizo zilizomleta Makoye.

Makoye ni Msukuma. Wazee wake walishuka na ng'ombe kutoka kaskazini wakakaa Usangu, upande wa Rujewa. Alikuja na Fuso kutafuta pumba za mifugo yake, akasimama barabarani akiyatazama mashamba yetu yaliyoota magugu. Akaniuliza, "Baba, wenyewe wako wapi?"

Nikamwambia, "Wako Mbeya."

Akasema, "Na udongo nao umehamia?"

 Msimu uliofuata nikamkodisha shamba langu. Akaja na ng'ombe wa plau, mkewe Kalista, na watoto ambao mpaka leo hawajaisha kuteremka kwenye gari. Shule yetu ilikuwa iunganishwe na ya kijiji cha pili kwa kukosa wanafunzi. Sasa wanakaa wanne wanne kwenye dawati na Mwalimu Mkuu ameanza tena kuvaa tai. Nilimshitaki Makoye kwa Mtendaji wa Kijiji, kosa lake likiwa kuamka mapema mno na kutuaibisha mbele ya wake zetu. Mtendaji alisema hakuna sheria ndogo inayohusu jambo hilo. Basi itungwe.

LA TATU ni binti yangu Anjela, na hili naomba ulisome ukiwa umekaa.

Anjela ndiye mtoto wetu wa pekee. Alikuja huko Mbeya, sokoni Mwanjelwa, kumsaidia shangazi yake kushona sare, msimu wa shule kufunguliwa. Shule zilifunguliwa, zikafungwa, zikafunguliwa tena, yeye hakurudi. Kila nikimpigia simu nauliza, "Unarudi lini?" na hapo hapo mtandao unakatika. Nilimlalamikia fundi simu wa kijijini, akaikagua, akasema simu ni nzima. Veronika akipiga, mtandao hausumbui. Wanaongea mpaka chaji inakwisha.

Baada ya mavuno nikaamua kumfuata mwenyewe. Jiji silijui, nikahitaji mtu wa kuniongoza. Makoye akanipa mwanawe Limbu, ambaye hununua mchele Rujewa na kuuza Mwanjelwa. Mama Mwenyekiti, sijapata kuona kijana mwenye moyo wa kusaidia kama yule. Sijamaliza maneno, tayari amekwenda kufua shati. Akabeba gunia langu la maharage, akabeba na jogoo, akanipisha nikae dirishani.

Ndani ya basi nikamweleza mpango wangu wote. Nikamwambia, "Tutamchukua kwa upole. Mimi nitasema, wewe utabeba sanduku lake."

Akajibu, "Sawa, baba."

Kumbuka kwamba tangu nimfahamu alikuwa ananiita mzee. Tulipofika Makambako akaanza kuniita baba. Nilidhani ni heshima ya safari.

Tuliposhuka Ilomba, anakokaa Anjela, nilitegemea aulize njia. Hakuuliza. Kila kona alikata bila kusita, kama punda anayekwenda kisimani. Mbwa wa nyumba tuliyofikia alinibwekea mimi, Limbu akamtikisia mkia. Mlango ukafunguliwa, Anjela akatokea na utepe wa kupimia nguo shingoni, akasema, "Limbu, leo umechelewa." Kisha akaniona.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Baada ya hapo, kwa muda mrefu, aliyezungumza ni jogoo.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Watu wa kwetu walioko mtaani kwako wanakutana uani kwa Aroni kwa sala ya jumuiya, na mimi nikaona hiyo ndiyo nafasi. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Lakini kabla sijapewa nafasi wakaimba ule wimbo niliowafundisha wakiwa bado hawajaota ndevu, kwa sauti zote nne, na pale kwenye kipande cha besi ambacho Timotheo alikuwa anakikosea miaka yote, safari hii hakukikosea. Hali ya hewa ya Mbeya ina vumbi jingi. Nililazimika kufuta macho.

Nikasimama nikasema, "Wanangu, rudini nyumbani."

Anjela ndiye aliyejibu. "Baba, nikirudi nitafanya nini?"

"Utalima."

"Shamba lipi?"

Nikakumbuka kwamba shamba analo Makoye. Nikasema nitamwambia Makoye arudi kwao.

"Na mimi nitalala wapi?"

Chumba chake nacho mama yake amekijaza mbegu za Makoye.

"Na Makoye akiondoka na watoto wake," Aroni akadakia, "shule si itafungwa, Mwalimu?"

Ndipo Limbu, aliyekuwa amechuchumaa pembeni kwa unyenyekevu ambao sasa nautilia mashaka, akasema polepole, "Halafu, baba, kule Usangu tulikotoka sasa wapo wengine. Wanalima mpunga."

Nikasema kwa ukali, "Na wao warudi! Wametoka wapi hao?"

"Iringa, baba."

Watu walicheka, mama. Sitakuficha. Hata mimi kidogo, lakini kwa hasira.

Siku iliyofuata Anjela akanichukua nikaone anapofanyia kazi. Ni kibanda, tusidanganyane, lakini ndani yake cherehani zimepangwa mpaka mlangoni, na yuko msichana anaitwa Happy, mzaliwa wa Mbozi, anayetoboa matundu ya vifungo bila kuangalia. Nikakaa kwenye stuli nikiwa nimenuna. Nikamuuliza lile swali langu la siku zote, anarudi lini. Safari hii mtandao haukuweza kumwokoa.

Akaweka mkasi chini. Akasema, "Baba, mimi sikukimbia. Kila simu unaniuliza narudi lini. Hujaniuliza hata mara moja nafanya nini."

Mama Mwenyekiti, nimefundisha watu kuimba maisha yangu yote, na kazi hiyo ni kusikiliza. Nikasogeza stuli yangu karibu na cherehani yake. Kisha nikamuuliza, "Haya, mwanangu. Unafanya nini?"

Akaanza kunieleza. Akaeleza kola zinazokataa kulala, walimu wakuu wanaorudisha suruali baada ya watoto kurefuka, nyuzi zinazochuja rangi na zisizochuja, na jinsi alivyopata kazi ya shule yake ya kwanza baada ya kukataliwa na nyingine zote. Alicheka, akaigiza sauti za wateja, akasimama kunionyesha. Kijijini alikuwa mtoto wa kujibu "ndiyo, baba" na "hapana, baba". Tulipotoka, majirani walikuwa wanafunika biashara zao kwa maturubai. Kwa hiyo naongeza kwenye mashitaka kwamba jiji lako limemfundisha binti yangu kuongea na baba yake, bila kuniomba ruhusa.

Ni njiani tukirudi ndipo Limbu aliposimama, akavua kofia, akasema angependa kuwatuma wazee kwangu. Nilimpigia simu Makoye hapo hapo. "Makoye, ulijua?"

"Baba Anjela," akasema, "ng'ombe akinusa maji, nani anamwonyesha njia?" Akacheka kicheko chake kile, na simu ilikuwa sikioni kwangu, lakini muuza ndizi wa upande wa pili wa barabara akaitikia.

LA NNE, ambalo ni ombi zaidi kuliko lalamiko. Nimekaa nikalifikiri jambo hili na nimeona kosa langu lilikuwa kutaka warudi wa Kihangalala peke yao. Ukimwondoa mmoja, unakuta amekalia nafasi ya mwingine. Dawa ni watu wote warudi kwa siku moja, asubuhi, kwa kipenga. Wetu watoke Ilomba. Makoye arudi Usangu, na hao wanyalukolo, ndugu zetu wa Iringa wanaolima mpunga kule, wapishe njia waje kwao. Wazee wa Makoye waendelee na ng'ombe wao mpaka kaskazini. Wewe mwenyewe, mama, kwa heshima kubwa, utafungasha uende Tukuyu, na barua hii utaisomea huko.

Nyumba alizojenga Aroni zibomolewe na matofali yarudishwe shimoni. Soko la Mwanjelwa nalo lifuate utaratibu: mchele urudi Usangu, ndizi zirudi Rungwe, viazi virudi milimani, na mitumba irudi kwa waliokuwa wameivaa. Mashine yetu ya kusaga itarudishwa, nami nitaisindikiza mwenyewe, ila mtu mwingine amweleze Veronika.

Hapo jiji litabaki tupu na safi, mikononi mwa Wasafwa wenye ardhi yao. Nilimtafuta mzee mmoja wa Kisafwa kumpa habari hizo njema, nikamkuta anapakia mahindi kwenye bajaji. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia babu zake walitoka ng'ambo ya mlima, na akaomba, kama zoezi likianza, wasipelekwe huko kwa kuwa kuna baridi. Akaniuliza pia wapangaji wake wakiondoka mahindi yale atamuuzia nani. Nilimwambia serikali itaangalia.

Basi, mama, naamini utalifanyia kazi jambo hili haraka, maana kadiri tunavyochelewa ndivyo watu wanavyozidi kuzoeana. Nisalimie wajumbe wote wa mtaa, mwambie Aroni ukuta wa jikoni kwake umepinda, na umpe pole Happy kwa mafua. Wasalimie pia wale akina mama wa mgahawa wa pale kona, ambao chai yao haina kasoro.

Ni mimi ninayedai watu, na si kingine,

Kasian,
Mwalimu wa Kwaya.

Nyongeza: Barua hii naileta kwa mkono, kwa kuwa nakaa nyumba ya pili kutoka kwako, upande wenye mbwa. Pamoja nayo naomba, kama hutajali, uniandikie barua ya utambulisho inayoonyesha kwamba mimi Kasian ni mkazi halali wa mtaa wako, mwenye tabia njema. Uongozi wa soko haunipi kizimba cha kuuzia bila hiyo, na Makoye ameshapakia maharage kwenye Fuso. Ikiwezekana iwe na nafasi ya jina la pili, maana Mama Anjela yuko ndani ya basi, ameshapita Makambako, na Limbu amekwenda stendi kumpokea. Lile zoezi la kuwarudisha watu naomba lisogezwe mbele mpaka harusi ipite. Ukumbi tumeshapata, hapa hapa Ilomba, nawe kadi yako itakuja na Anjela mwenyewe.